Vyombo Vitupu vya Jirani

Safari hii tunapenda tuzungumze juu ya neno ambalo wengi wetu tunalisema karibu kila siku, pengine hata kabla jua halijachomoza: Mungu atatupa. Sukari imekwisha, Mungu atatupa. Ada ya mtoto haijatimia, Mungu atatupa. Baba wa nyumba hajalipwa mwezi wa pili sasa, Mungu atatupa. Ni neno zuri, na hatukusudii kumpokonya mtu yeyote. Mama asiyeweza kulisema atalala vipi usiku?

Ila tumeona kwamba neno hilo husemwa kwa namna mbili. Yupo mama anayelisema na mlango wake uko wazi. Yupo na mwingine anayelisema ili mlango ufungwe upesi: jirani asiulize zaidi, mwenzake wa kanisani asiingie ndani akakiona chungu kimeinamishwa tangu juzi. Huyu wa pili ndiye tunayetaka kuzungumza naye leo, kwa upole, maana anayo imani na tena anaumia.

Hebu tufungue Biblia zetu, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mistari saba ya kwanza. Pana mjane pale ambaye jina lake hatuambiwi. Mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mtu mcha Mungu, na mjane mwenyewe anamkumbusha Elisha jambo hilo. Hata hivyo mcha Mungu huyo alikufa akaacha deni, na mwenye kumdai amekuja kuwachukua wana wawili wa mama huyu wawe watumwa wake.

Sisi wa Unguja hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya mstari huo. Kutoka Kikwajuni hadi Mkunazini ni mwendo wa miguu tu. Unavuka barabara kubwa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, unaingia Mji Mkongwe, na kanisa kuu la Anglikana liko mbele yako. Kanisa hilo limesimama penye soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo Wamisionari wakaanza kujenga, wakiongozwa na Edward Steere ambaye baadaye alikuwa Askofu. Utumwa wenyewe uliendelea visiwani hadi ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Watoto waliuzwa pale. Kwa hiyo mama wa hapa akisoma kwamba mdai amekuja kuchukua watoto, asisome upesi upesi kama hadithi ya watu wa mbali.

Sasa tazama anavyofanya mjane huyu. Kwanza anasema. Anakwenda kwa mtu wa Mungu na kumweleza habari yote: kifo, deni, mdai, watoto. Elisha hamkemei kwa kukosa imani, wala hamwambii kwamba mumewe angeomba vizuri zaidi asingeacha deni. Anamwuliza amsaidie nini, kisha anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Mama anajibu kwamba hana kitu isipokuwa mafuta kidogo katika chombo.

Hapo tungetazamia nabii aombe na mafuta yaongezeke. Lakini kabla hata tone moja halijaongezeka, mama anatumwa kwa majirani. Anaambiwa aende nje akaazime vyombo vitupu, kwa majirani wote, tena visiwe vichache.

Hebu tujiweke mahali pake. Unagonga nyumba ya kwanza: Hodi, mama, naomba niazime mtungi. Unagonga ya pili. Unagonga ya kumi. Mtaa mzima unajua kwamba mumeo amekufa na kwamba mdai yuko njiani, na sasa unazunguka kuomba vyombo ambavyo huna hata cha kutia ndani. Jirani gani asingeuliza kulikoni? Kuazima kitu kimoja unaweza kukifanya kwa siri, lakini kuazima kwa majirani wote hakufichiki. Mungu angeweza kumjazia mafuta chombo kile kile alichokuwa nacho, kama alivyofanya kwa mjane wa Sarepta, ambaye chupa yake haikupungukiwa. Huyu alimpitisha kwenye milango ya watu. Na mafuta yalipokoma, yalikoma kwa sababu chombo kingine hakikupatikana. Kila mlango aliogonga uligeuka kuwa kipimo cha alichopokea.

Tumelikaa jambo hili muda mrefu kwa sababu ya yale tunayoyaona katika kazi yetu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kliniki mama mja mzito wa miezi saba. (Tumebadilisha mambo machache ili asijulikane.) Alikuwa amepauka, ukivuta kope ya chini unaona weupe. Tulipompima, damu yake haikufika gramu 9, na mjamzito anatakiwa asipungue 11. Tukamwuliza anakula nini. Akajibu kwa heshima, "Sista, niko kwenye mfungo. Kikundi chetu kinaomba." Tukamweleza kwamba mwenye mimba hapaswi kujinyima chakula siku nyingi, na kwamba hakuna mchungaji mwenye busara atakayemdai mfungo wa namna ile. Akaitikia, lakini macho yake yalikuwa chini muda wote. Ndipo mmoja wetu, mtu mzima kuliko sisi wengine, akavuta kiti akamwuliza taratibu, "Mama, umefunga au umekosa?"

Alinyamaza, kisha akalia. Mumewe alikuwa kibarua hotelini, kazi ikasimama. Kinachopatikana kidogo anawapakulia watoto na baba yao, na yeye akiulizwa mbona hali, husema amefunga. Watoto walikuwa wakijisifu kwa wenzao kwamba mama yao ni mwombaji sana. Kikundi chake kilikuwa kwenye maombi kweli, ila yeye alianza kufunga wiki mbili kabla yao.

Hakuwa mwongo. Aliomba kweli na alimtumaini Mungu kweli. Lakini alikuwa ameamua peke yake kwamba Mungu amlishe bila mtu yeyote kujua kwamba ana njaa. Tulimpa vidonge vya kuongeza damu, tukamweleza habari za mchicha na dagaa, tukamwambia akamulie limau kwenye mboga, maana limau husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na asinywe chai pamoja na chakula, maana chai huyazuia. Yote hayo ni sahihi, lakini mchicha na dagaa hununuliwa kwa fedha. Tukamwomba ruhusa tumwambie mtu mmoja tu wa kanisani kwake, amchague mwenyewe. Akamtaja bibi mmoja wa makamo. Bibi yule alipoambiwa hakusikitika kwanza, alikasirika. Akasema, "Jumapili nne nimekaa naye benchi moja! Jumapili nne!" Jioni ile alikwenda na kapu, na akaendelea kwenda.

Na si chakula peke yake. Tunawaona akina mama wenye presha walioacha vidonge, na wakiulizwa husema wamemwachia Mungu. Ukikaa nao, ukawapa muda, wengi utakuta wameacha siku ile fedha ya dawa ilipokwisha. Imani ikaja baadaye, ikawekwa juu kama kitambaa juu ya meza iliyovunjika mguu. Ndiyo maana tunawaomba wauguzi wenzetu wanaosoma ukurasa huu wasiishie kubishana na mgonjwa juu ya imani yake. Waulize kwanza juu ya nauli.

Kwa nini tunaficha? Sababu moja ni mahubiri. Siku hizi yapo mafundisho yanayosema kwamba aliyepungukiwa amepungukiwa imani. Mama akishasikia hayo, atasimamaje mbele ya wenzake aseme hana unga? Ushuhuda nao tumezoea kuutoa baada ya mambo kukaa sawa: nilikuwa sina, sasa ninacho. Ni vigumu kumsikia mtu akisimama na kusema, leo sina. Lakini mtume Paulo, mwishoni mwa waraka kwa Wafilipi, pale pale anapoeleza kwamba amejifunza kuridhika na hali yoyote, anawashukuru kwa vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Aliridhika, na alipokea, na aliandika kwamba amepokea. Na kwa Wakorintho, alipokuwa akichangisha kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, aliwakumbusha habari za mana jangwani, jinsi aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada wala aliyeokota chache hakupungukiwa. Tafadhali someni wenyewe, Kutoka 16 na 2 Wakorintho 8. Mana ilitoka mbinguni, haikupitia mkononi mwa mtu. Paulo anaitaja alipokuwa akisema juu ya fedha za mifukoni mwa watu.

Sababu ya pili ni sisi kwa sisi, yaani midomo. Mama anasema, nikimwambia mmoja leo, kesho litakuwa mezani mwa kila nyumba. Hatuwezi kumbishia, kwa kuwa vipo vikundi vya maombi ambamo haja ya mtu hutoka ikiitwa ombi na kufika sokoni Darajani ikiwa habari. Kikundi cha namna hiyo kinafunga milango ya watu kuliko umaskini wenyewe.

Na hapa kwetu ipo sababu ya tatu, ambayo wasomaji wetu wa Bara huenda hawaifahamu sana. Wakristo visiwani ni wachache. Jirani wa mama Mkristo, aliye mlango kwa mlango naye, mara nyingi ni Mwislamu. Basi aibu inakuwa mara mbili: aibu ya kukosa, na aibu ya kwamba watasema Mungu wetu hatulishi. Tumewasikia akina mama wakisema hivyo kabisa, kwamba wanalinda jina la Yesu.

Akina mama wapendwa, Yesu mwenyewe alilijibu hili. Katika Luka sura ya 4 anawakumbusha watu wa Nazareti kwamba wakati wa njaa kuu wajane walikuwa wengi katika Israeli, lakini Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Nabii wa Mungu wa Israeli alikwenda kwa mama wa taifa jingine akaomba maji, akaomba na mkate. Watu wa Nazareti hawakupenda kukumbushwa. Walikasirika hata wakataka kumtupa Yesu chini ya kilima.

Nasi wa Kikwajuni tunalijua hilo bila kufungua kitabu. Wengi wetu tumekaa au tumelelewa katika zile nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, ambako harufu ya mchuzi wa mwenzako inakufikia kabla hujauliza amepika nini. Ramadhani ikifika, sahani ya futari inapanda ngazi. Krismasi sahani inashuka. Na kila mwana wa Unguja amefundishwa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama utaweka ndimu mbili tu. Sahani hizo hazijawahi kuuliza dini ya mtu.

Mtakumbuka pia ile miezi ya giza, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima karibu miezi mitatu. Mwaka 2008 ulikuwa umekatika kama mwezi mmoja, tukadhani tumeyaona yote. Safari hii pampu zilisimama, maji hakuna, samaki hawawekeki. Mwenye kisima alifungua kisima. Mwenye jenereta aliwachajia simu wenzake na kuweka dawa ya mtu kwenye friji yake. Watoto walibeba madumu ya wazee wasio wao. Sababu moja iliyofanya msaada uende vizuri hivyo ni kwamba hakuna aliyeweza kuficha. Giza lilikuwa la kila nyumba, na mtu hakuona haya kusema hana maji.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa mengine. Ugonjwa wa korona ulipoingia, watalii walikatika. Ndege za kimataifa zikasimamishwa Aprili, na hata ziliporuhusiwa tena Mei, hoteli nyingi zilikaa muda mrefu bila wageni. Shida hiyo haikuingia kila nyumba sawasawa. Aliyekuwa na mume serikalini alipata mshahara wake, na aliyekuwa na mume hotelini alikosa, na wote wawili walipanda ngazi moja. Mama wa pili alificha. Tunaamini wengi walianza kukopa wakati ule, na wengine hawajamaliza mpaka leo.

Tumefika penye jambo linalotutia hofu zaidi. Mama anayemficha jirani, anayemficha mumewe na kulificha kanisa, bado ana watoto wa kulisha, na mlango mmoja upo ambao utampokea bila maswali. Ni hii mikopo ya haraka ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Sisi tunaopima damu za watu tunaona jina hilo limechaguliwa vizuri.

Tuseme kwa mfano. Unaandikiwa mkopo wa shilingi 200,000. Wanakata 20,000 ya fomu, mkononi unapokea 180,000. Unatakiwa kurudisha 10,000 kila siku kwa siku 30, jumla 300,000. Hesabu sasa. Siku ya 18 umekwisha kurudisha kila shilingi uliyopokea. Siku 12 zilizobaki, shilingi 120,000, unalipa faida tupu. Ni biashara gani ya vitumbua inayobakisha 10,000 kila siku, baada ya kutoa unga, mafuta, sukari na mkaa, na nyumbani pia wale? Haipo. Basi siku ya 10 unachukua kwa mkopeshaji wa pili ili umlipe wa kwanza. Siku ya 20 wanakuja wawili, alfajiri, na kinachoondoka ni jiko la gesi, au kitanda ambacho baba wa nyumba hajui kwamba kimewekwa rehani. Tukimpima presha mama wa namna hii, hatushangai tunachokiona.

Tumejiuliza kwa nini mama mwenye akili zake, anayejua hesabu, anaingia humo. Wakopeshaji hawa hawauzi fedha tu. Wanauza siri. Unakwenda, unatia saini, unatoka na fedha kwenye mkoba, na Jumapili unaimba kwaya kama kawaida. Unaweza kusema Mungu amefungua mlango, na hakuna atakayekuuliza ni mlango gani. Kumwambia jirani kungekugharimu aibu ya dakika tano. Siri hii inagharimu shilingi 120,000 kwa mwezi, na inaisha siku kitanda kinapobebwa mtaa mzima ukitazama.

Basi mama afanye nini? Turudi kwa mjane wetu.

Kuna jambo tulilipita. Baada ya kukusanya vyombo, aliambiwa aingie ndani, yeye na wanawe, na afunge mlango. Majirani waliotoa mitungi hawakuyaona mafuta yakimiminika. Kwa hiyo wewe uliyeogopa midomo ya watu, Neno linakuelewa. Si lazima mtaa ujue kila kitu. Uhitaji wake ulijulikana nje, mambo ya ndani yakabaki ya mama na watoto wake. Mama mwenye busara huchagua: huyu nitamwambia kwamba sina unga, mambo ya mimi na mume wangu sitamwambia. Mtafute mmoja. Mtazame kwanza anavyozungumza habari za wengine akiwa nawe, maana hivyo hivyo atazungumza zako.

Mwambie mumeo. Tunajua zipo nyumba ambamo kusema hivyo kutaleta ugomvi, na hatutaki kumtupia mama mzigo mwingine. Huyo aanze na mke wa mchungaji au mzee wa kanisa anayemwamini. Lakini katika nyumba nyingi tulizozitembelea, mume aliyefichwa deni aliumizwa na kufichwa kuliko deni.

Wale wana wa mjane nao walifanya kazi, wakimletea mama yao chombo kimoja baada ya kingine. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaweza kuambiwa kwamba mwezi huu hatununui soda. Hawatavunjika.

Lile swali la Elisha, kwamba una nini nyumbani, tusilijibu upesi kwamba hatuna kitu. Mjane alisema hana kitu, kisha akakumbuka mafuta. Kuna mama anayejua kushona kofia, na kofia nzuri ya mkono ya Kiunguja ina mnunuzi wake. Kuna anayepika mkate wa kumimina ambao watu wangeutafuta wangeujua. Kuna mwenye mama mkwe wa miaka 72 ambaye hakuwahi kwenda kujiandikisha Pensheni Jamii, ijapokuwa ilianza mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, kwa sababu ameona haya kwenda kwa sheha. Haki ya mzee nayo ni mafuta ndani ya chupa.

Upatu tunausifu, ingawa una mipaka yake. Akina mama 10 wakitoa 5,000 kila wiki, kila mmoja kwa zamu anapata 50,000 bila riba hata senti. Kikundi kikiweza, kikubaliane tangu mwanzo kwamba mwenye mgonjwa au msiba aruke foleni. Na aliyekwisha kunaswa na kausha damu asiende peke yake kwa mkopeshaji. Aende na watu wazima wawili, aulize deni lililobaki ni kiasi gani na liandikwe, kila anacholipa apewe risiti, na asichukue mkopo wa pili kuulipa wa kwanza, hata akibembelezwa.

Mjane alipomaliza kumimina hakukaa akayatazama mafuta. Alirudi kumweleza mtu wa Mungu, akaambiwa auze, alipe deni, na yaliyobaki yawe ya kuishi yeye na wanawe. Deni lilitangulia.

Sisi nasi tuna chombo chetu. Katika kikundi chetu cha Jumatano kuna ndoo yenye kifuniko karibu na mlango wa nyuma. Kila mama akija huleta kibaba cha mchele au maharage, anachoweza, na asiye nacho halaumiwi. Mwenye shida huchukua wakati wa kutoka. Hakuna daftari, na hakuna anayesimama pale kuhesabu. Tulipoanza, watu walileta lakini hawakuchukua, wiki nyingi, mpaka bibi mmoja aliyeheshimiwa sana akafunua mbele ya wote, akachota vibaba viwili akatia kwenye mfuko wake, akasema, "Mwanangu hajaleta kitu mwezi huu," akaenda zake. Tangu siku hiyo ndoo inatumika.

Mwaka jana ilikwisha kabisa mara mbili. Mara ya kwanza ilijaa kabla hatujasema. Mara ya pili ilikaa tupu wiki tatu, na baadhi yetu walitaka tunyamaze tuombe tu, ili isionekane kikundi kimeshindwa. Tuliomba. Kisha tukasimama, tukaifunua mbele ya wote, tukasema ndoo haina kitu.